Kwa mlionunua boti ya jeti iliyotumika: injini kwanza, maji baadaye

Jumamosi iliyopita nilimkuta kijana ameiweka boti yake juu ya trela, amefunga mpira wa maji kwenye tundu la kusafishia, amefungua bomba mpaka mwisho, halafu ndiyo anaanza kutafuta kamba ya usalama, ile ambayo isipochomekwa injini haiwaki. Akaitafuta chini ya viti. Akaitafuta kwenye jaketi okozi. Maji yanaingia tu. Nilipiga kelele hadi watu wote wakageuka, na kijana wa watu akasimama ameshika kiti mkononi, hajui amekosa nini.

Ndugu zangu wapya, nawapenda, na nafurahi kila nikiona boti iliyokuwa imelala miaka inapata mwenyewe wa kuijali. Lakini mwaka huu peke yake nimeshaona kosa hili mara tatu, na mengine mengi ya ukoo mmoja nalo. Kwa hiyo leo sitabembeleza mtu.

1. Jifunze njia ya maji kabla hujanunua spana.

Maji yanaingia chini kwenye wavu, impela, yaani feni ya ndani ya pampu, inayasukuma, mapezi ya stata yasiyozunguka yanayanyoosha, nozeli inayabana, yanatoka nyuma kwa nguvu. Sehemu kidogo inachepushwa kwenda kupoza injini, kisha inatoka pamoja na moshi kwenye ekzosi. Basi. Maji hayohayo ndiyo yanayokusukuma, ndiyo yanayokugeuza, ndiyo yanayokurudisha nyuma. Mtu akiniambia boti yake inaumwa, naanza kwa maswali matatu: maji yamekwama wapi, yamepita pasipostahili wapi, na hewa imejipenyeza wapi? Ukiweza kuichora njia hiyo kwenye karatasi bila kuchungulia kitabu, nusu ya ufundi unao.

2. Kuosha mfumo kwa mpira: washa injini, NDIPO ufungue maji. Funga maji, NDIPO uzime injini.

Nazungumzia boti inayopoza injini kwa maji ya nje moja kwa moja, ambazo ndizo wengi wenu mnanunua. Injini ikikauka sekunde chache haifi. Ikijaa maji imesimama, inakufa. Sababu ni nyepesi: injini inapozunguka, moshi wake ndio unaosukuma maji yatoke kwenye ekzosi. Injini ikiwa imezimwa hakuna wa kuyasukuma. Yanajaa kwenye boksi la ekzosi, yanapanda, yanarudi hadi kwenye manifoldi inayokusanya moshi wa silinda, yanakuta vali ya kutolea moshi iko wazi kwenye silinda mojawapo, yanaingia na kukaa juu ya pistoni.

Hayo sikuyasoma popote. Boti yangu ya kwanza nilikuwa nayo mwezi mmoja na siku kadhaa. Nimerudi kutoka majini, nimechoka, nimefunga mpira, nimefungua bomba. Simu ikalia. Nikaongea kama dakika saba huku nimeegemea trela, nasikia maji yakitiririka, nikidhani ule ni usafi unafanyika. Nilipomaliza nikafunga bomba, nikabonyeza starta. Tak. Kimya. Sauti moja fupi, kavu, kama nyundo iliyogonga nondo.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema betri imechoka. Nikaleta betri ya pili, nikaunga, nikabonyeza tena. Tak. Nikasafisha vichwa vya nyaya, nikapaka grisi, nikabonyeza mara ya tatu, na safari hiyo silinda moja iliyokuwa kavu ikawaka. Moto wake ukaizungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa nguvu ambayo starta peke yake haina, ukampandisha mwenzake aliyekuwa na maji juu ya kichwa. Maji hayabanwi. Pistoni ikagota ukutani na konrodi, ile fimbo inayoiunganisha na krenki, ikapinda.

Kibaya zaidi ni kwamba injini iliwaka. Ilitetemeka, ikatoa mvuke mweupe, ikatulia. Nikafungua maji, nikaosha, nikazima kwa mpangilio mbaya uleule, nikaenda kulala nimeridhika. Wiki mbili nikaiendesha hivyo. Ilikuwa na mlio mdogo wa kugonga, tok tok tok, na nguvu imepungua. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha mafuta. Nikampigia simu aliyeniuzia, na hapa ndipo roho inaniuma mpaka leo, nikamwita mwongo. Nikamwambia aliniuzia injini mbovu akaificha kwa rangi mpya. Yule bwana alinyamaza, akaniuliza swali moja tu: "Ukiosha, unaanza na nini?" Nikakata simu.

Fundi aliyenifungulia injini alipima kwanza mgandamizo. Silinda tatu zilikuwa zinakaribiana, ya nne iko chini kabisa. Akatoa kichwa cha injini, akazungusha krenki kwa mkono, akaniita niangalie. Pistoni tatu zilipanda mpaka kwenye ukingo wa silinda. Ya nne ilisimama chini yake, pengo unaloliona kwa macho bila kipimo, kwa sababu konrodi iliyopinda imekuwa fupi. Kwenye ukuta wa silinda kulikuwa na mstari wa kutu mwembamba, mahali maji yalipokaa usiku ule. Oili ilikuwa imegeuka maziwa. Msimu wote ukaishia pale: konrodi, beringi, ringi za pistoni, gasketi zote, na kazi ya mikono ya mtu. Nilimpigia tena yule aliyeniuzia nikamwomba radhi. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Kwa hiyo kamba ya usalama iwe mahali pake na simu iwe mbali kabla hata mpira haujafungwa. Ikitokea umekosea na bado hujabonyeza starta, usibonyeze. Toa plagi zote, kata umeme wa koili na mafuta, ndipo uzungushe injini iteme maji. Nyunyizia oili kwenye silinda siku hiyohiyo, kwa sababu kutu haisubiri kesho. Oili ikiwa imepauka, imwage, weka mpya, endesha kidogo, imwage tena mpaka itoke safi.

3. Maji machache ni ya kupita, si ya kuwashia.

Wengi mmenunua jeti kwa sababu mmesikia inapita kwenye maji mafupi. Ni kweli. Bill Hamilton wa New Zealand alianza kuiunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya Canterbury, mipana na yenye changarawe, ambako propela ilikuwa inavunjika. Mwaka 1960 boti zake zikapanda mto Colorado ndani ya Grand Canyon, dhidi ya mkondo. Lakini boti hizo zinapita juu ya changarawe zikiwa na mwendo, zimeinuka, na wavu umeshauacha mchanga nyuma kabla haujanyanyuka. Wewe unawasha umesimama, maji ya magoti, na impela inafyonza kila kilicho chini yake kama mfagio wa umeme. Isukume kwa mkono mpaka kiunoni, washa hapo. Ukirudi, zima hapohapo na umalizie kwa kasia. Kokoto moja ya ukubwa wa kidole inatosha kung'ata makali ya impela na kuchimba ringi inayoizunguka, na kuanzia siku hiyo unachoma mafuta kwa safari ambayo huipati.

4. Injini inalia, boti haiendi.

Hili naulizwa kila wiki, na kila wiki mtu ameshaagiza impela mpya kabla ya kuuliza. Tafadhali, fuateni mpangilio. Kwanza zima, toa kamba ya usalama, uiweke mfukoni mwako, ndipo uangalie wavu na shafti: majani, kamba, nyuzi. Usiingize mkono injini ikiwa hai hata kama rafiki yako anaapa kwamba hatagusa kitu. Pili, papasa makali ya impela kwa ukucha. Tatu, pima nafasi kati ya ncha za impela na ringi yake, pande zote, ulinganishe na kitabu cha pampu yako; ikipanuka, maji yanarudi nyuma badala ya kusukumwa. Nne, angalia sili ya kuziba hewa pale pampu inapokutana na bodi, maana hewa ikipenya hapo impela inakamata povu. Tano, meno ya shafti inapoungana na injini: yakiwa yamelika, injini inazunguka na pampu inalala.

Kuna dada mmoja, mchapakazi kweli, alishusha pampu nzima peke yake siku mbili, bolti kwa bolti, kila kipande kwenye kitambaa chenye namba. Mpangilio ule ningependa kila fundi auone. Aliponiita nikaangalie, mfuko wa plastiki ulikuwa bado umejisokota kwenye shafti kama kilemba. Ungetoka kwa koleo ndani ya dakika tano. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniambia kwamba sasa pampu hiyo anaijua kuliko mtu yeyote, na ni kweli, leo namwuliza yeye.

Mkiona vidoti vidogo vimechimbika kwenye majani ya impela, kama chuma kimeliwa na wadudu, hiyo ni kavitesheni. Shinikizo linashuka upande mmoja wa jani mpaka maji yanachemka bila joto, mapovu yanapasuka juu ya chuma, na kila pasuko linabandua chembe. Usipige msasa ukadhani umeponya. Tafuta kwa nini maji hayafiki vizuri.

5. Ukiachia mafuta, umeachia usukani.

Boti ya jeti haina jani la usukani majini. Kinachogeuza ni maji yanayotoka kwenye nozeli. Mgeni akiona kizuizi mbele anafanya kile mwili unachomwambia: anapunguza mafuta, anakata kona. Boti inaendelea mbele moja kwa moja, usukani umegeuzwa mpaka mwisho na hausikii. Nenda mahali peupe pasipo watu, ukajizoeze kugeuza huku umeongeza mafuta kidogo, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mkono ukubali. Afadhali urudie zoezi hilo kuliko kung'arisha bodi.

6. Haya ni ya haraka, msiniulize tena.

Injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti: endesha feni ya ngamani, chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, angalau dakika nne kabla ya kuwasha, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unakaa chini ukisubiri cheche. Kwa sababu hiyohiyo usiweke starta wala alteneta ya gari. Za boti zimefungwa ili cheche isitoke nje. Anodi, vile vipande vinavyoliwa badala ya chuma cha boti: zinki kwa maji chumvi, magnesiamu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, alumini kwa pote pawili, na usizipake rangi. Ikiliwa nusu, badilisha. Bolti ya chuma kisichoshika kutu inayoingia kwenye alumini ipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania, la sivyo mwakani utaikata. Mahali penye baridi kali, toa maji yote kabla ya kuihifadhi, kwani maji yakiganda yanatanuka na bloku inapasuka.

7. Ngama.

Wazee wa majahazi walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa boti iliyotumika naichukulia neno kwa neno. Kabla hujanunua, ondoa mikeka, lala kifudifudi, weka tochi ngamani. Maji safi, maji yenye oili, kutu ya maunzio, nyaya zilizofungwa kwa utepe: historia ya boti yote imelala pale. Muuzaji anaweza kung'arisha kila kitu, lakini ngama wengi wao hawaikumbuki. Na kizibo cha kutolea maji kikague kabla trela haijagusa maji. Mimi chochote ninachokifungua hapo nakifunga kwenye ufunguo wa boti kwa kamba.

Yule kijana wa Jumamosi hakuwa amebonyeza starta. Tulifunga bomba, tukatoa plagi, tukakata umeme, akazungusha. Silinda ya pili ikatema maji hadi kifuani kwake. Tukarudia mpaka ukatoka ukungu tu, tukanyunyizia oili, tukafunga plagi mpya. Oili ya chini ilikuwa bado safi. Akawasha, ikawaka, akafungua maji, na safari hii alihesabu hatua kwa sauti kama mtoto anayejifunza kuvuka barabara.

Kisha nikampa konrodi yangu. Bado ninayo, inakaa kwenye sanduku la spana pamoja na nzima ya kulinganishia. Akaigeuza mkononi, akasema haioni ilipopinda. Nikamwambia aziweke pamoja, ubavu kwa ubavu, azielekeze kwenye jua. Mwanga ukapita katikati, mwembamba kama uzi. Alizishika hivyo muda mrefu, kisha akauliza kama naweza kumwazima kipimo cha mgandamizo hadi Jumatatu.