Swali Moja Lililonirudisha Nyumbani

Juzi binti mmoja wa Tabora kaniandikia: "Shikamoo kaka, jopo la utetezi wa tasnifu limenirudisha. Nifanyeje?" Nikacheka kidogo, kisha nikanyamaza. Na mimi nilirudishwa.

Mada yangu ilikuwa kipokezi cha estrojeni, yaani protini ya ndani ya seli inayoipokea homoni hiyo ya kike, na nilikariri vizuri. Homoni inakishika kipokezi, kipokezi kinakaa kwenye DNA na kuwasha jeni, halafu kinabandikwa ubikwitini, alama ya kwamba kitupwe, na kupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusagia protini. Slaidi zinang'aa, suti ya kuazima. Mzee mmoja wa jopo akavua miwani: "Kijana, tukiizuia proteasomu, vipokezi vitarundikana. Jeni zitawaka zaidi, au zitafifia?" Nikawahi: "Zaidi!" Akaandika kitu. Sauti ya ile kalamu ninayo mpaka leo.

Nikarudi Kigoma, nikawa namsindikiza mama kununua dagaa mwaloni Kibirizi. Alfajiri moja boti zilizokwisha kushusha mzigo ziligoma kutoka. Nyuma yake zikajazana nyingine, zimesheheni, hazina pa kutia nanga. Mama, ndoo kichwani, akafyonza: "Boti kibao, dagaa hakuna!"

Nikasimama palepale kwenye matope. Ndicho kilichoonekana kwenye seli za saratani ya matiti: proteasomu ikizuiwa, vipokezi vinaongezeka lakini kazi ya kuwasha jeni inashuka. Kilichomaliza zamu lazima kiondolewe, kingine kikae. Estrojeni yenyewe ndiyo inayoharakisha kuvunjwa huko.

Ila usiubebe mfano wangu mzimamzima. Fulvestrant, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, nayo husababisha kipokezi kivunjwe, lakini ishara ya estrojeni inazimika, kwa sababu hiyo ni boti iliyozamishwa kabla ya kufika ufukweni. Tamoksifeni, dawa nyingine ya saratani hiyo, yenyewe inakaa tu kwenye kiti cha homoni. Kipokezi kinabaki kizima, na kwenye titi hakifanyi kazi yake. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama kimevunjwa. Kimevunjwa lini, kikiwa kimeshafanya nini?

Basi mdogo wangu, kila mshale ulio kwenye slaidi yako, jiulize: nikiuzuia huu, itakuwaje? Kila mshale. Narudia, kila mshale, maana sisi tumelelewa kukariri, tunapigiwa makofi kwa kukariri, halafu tunashangaa tukiulizwa.

Siku ya kurudia nilikwenda na boti zangu kichwani. Yule mzee hakuwepo, na swali lile hakuna aliyeliuliza.