Damu imekoma, mkuu, lakini nani kakwambia umepona?

Mkuu, umeandika kwamba ulikojoa damu, haikuuma, duka la dawa wakakupa sipro, ile antibiotiki, siku ya tatu mkojo ukarudi rangi yake. Sasa unauliza kama kuna haja ya daktari bingwa wa mfumo wa mkojo au umalizie dozi tu. Hilo "haikuuma" limenifanya nisukume sahani pembeni. Kutokuuma ndiko kubaya! UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kawaida ina kelele: unaungua, unakimbilia choo kila saa, pengine na homa juu. Jiwe likianza kushuka linakugaragaza sakafuni. Damu inayokuja kimya kwa mtu wa miaka 46, tena mvuta sigara kama ulivyosema mwenyewe, ni ya bingwa. Mara moja inatosha, usingoje irudi.

Mimi niliingoja. Ikarudi, ikakoma, ikarudi. Kumbe nilikuwa na saratani ya kibofu, na uvimbe wake unavuja ukijisikia na unaacha ukijisikia, halafu dawa yoyote uliyomeza wiki hiyo ndiyo inapewa sifa. Sipro ikapewa sifa. Zikaja sindano za "UTI sugu", nazo zikapewa sifa. Ukaja unga wa mizizi wa kusafisha kibofu, niliouagiza kwa jamaa wa redioni mwenye sauti ya kikubwa. Wote waliniponya, aisee, kila mmoja kwa wiki chache.

Kijana wa maabara ya mtaani kwetu, kila anayeingia pale anatoka na UTI. Ningempelekea soda ya chungwa ningeambiwa ina UTI na inahitaji sindano tano. Hakuna hata siku moja mkojo wangu ulioteshwa kuona ni mdudu gani huyo asiyekufa.

Ila ninayemkasirikia mpaka leo ni tabibu aliyesikia nimekulia Shinyanga, akacheka, akasema "hiki ni kichocho tu", akaandika praziquantel na kunirudisha nyumbani. Kuhusu kichocho hakukosea kukiwaza. Tumekulia kwenye majaruba na malambo, damu mwishoni mwa mkojo tulikuwa tunataniana nayo. Lakini hapo hapo ndipo alipotakiwa kushtuka! Mayai ya kichocho cha mkojo yanakaa kwenye ukuta wa kibofu miaka na miaka, yanauchokonoa, na baadhi ya watu huishia kwenye saratani. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, ilishakiorodhesha kama kisababishi cha saratani tangu 1994. Praziquantel inaua minyoo, uvimbe inauacha palepale. Na hata kipimo chenyewe kilifanywa ovyo: mkojo wa kutafuta kichocho unachukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Wangu ulichukuliwa jua halijachomoza vizuri.

Nilipofika kwa bingwa hakuandika dawa yoyote. Aliniuliza sigara, akauliza majaruba, akaagiza ultrasaundi na kunipangia kamera ya kibofu. Ndiyo wakuu, inapita huko huko mnakowaza. Unapakwa jeli ya ganzi, unaangalia dari, unajifanya unawaza mpira. Lakini msiikimbie kwa sababu ultrasaundi imetoka safi, maana uvimbe mdogo unaweza kuipita, kamera ikauona.

Ungekuwa bado uko kwenye utando wa ndani, wangeukwangua kupitia njia hiyo hiyo bila kugusa tumbo kwa kisu. Wangu ulikuwa umeshaingia kwenye msuli. Kibofu kikaondolewa. Sasa mkojo wangu unatokea kwenye tundu tumboni na kuingia kwenye mfuko. Faida ipo: basi la Mwanza likisimama watu wachimbe dawa, mimi nabaki kwenye kiti changu na kulinda mizigo yenu. Chekeni tu, nami hucheka. Bili ya upasuaji ndiyo haikunichekesha.

Kabla hujaniambia ulikula bitiruti au unatumia dawa za TB, ndiyo, hivyo hubadilisha rangi ya mkojo, na ndiyo maana mkojo unaangaliwa kwa darubini. Chembe nyekundu zikionekana, hadithi ya bitiruti imeishia hapo.

Kesho nenda hospitali ya wilaya ukaombe rufaa. Bugando, KCMC, Muhimbili, kote kuna kliniki ya mkojo. Ukifika usianze na neno UTI, maana utaandikiwa UTI. Sema hivi: "Nimekojoa damu bila maumivu, navuta sigara." Na kama nawe umecheza kwenye majaruba, liseme. Wakikupa dawa bila rufaa, uliza kibofu chako kitaangaliwa lini na nani. Ukiona mabonge ya damu, au mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini limejaa, hapo usingoje barua ya rufaa, ni dharura usiku huo huo.

Uliuliza na tezi dume, sijui PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, sijui bima, sijui mkeo umwambie lini. Mkeo mwambie leo, atakusukuma kuliko mimi. Tezi dume bingwa ataikagua siku hiyo hiyo, na kile kidole hakijaua mtu. Ya bima tutayaongea baadaye. Tarehe ya kliniki ukishapewa, rudi uiandike hapa.