Kwa nini MV imekataa ufunguo wangu?

Nusu ya maswali yaliyonijia mwezi huu yauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu ana jedwali kwenye hifadhidata iitwayo Cassandra, akajaribu kuunda materialaizidi viu (materialized view) juu yake, akakataliwa ufunguo, yaani kolamu zinazoutambulisha kila mstari. Kazini tunaiita MV, na hapa nitaiita hivyo. MV ni jedwali la pili ambalo hifadhidata yenyewe hulijaza kutoka jedwali mama, data ni ileile ila imepangwa kwa ufunguo mwingine.

Haja yake ni hii. Cassandra hutawanya mistari kwenye seva nyingi, tuseme nodi, kwa kufuata ufunguo. Ukiwa na ufunguo, inajua nodi ya kwenda. Ukiuliza kwa kitu kingine, ni kama kuingia soko la Kongowea kumtafuta muuza nazi ambaye hukuambiwa yuko laini gani. Utapita kibanda kwa kibanda.

Shikamoo Mwalimu. Naundia zahanati moja ya Kisauni mfumo wa wagonjwa. Ufunguo msingi wa jedwali mama ni namba_mgonjwa. Nataka kutafuta kwa simu, basi nikaandika MV yenye ufunguo wa simu peke yake. Imekataa, yataka namba_mgonjwa nayo iwemo. Ya nini, na mimi siihitaji? (Mwanafunzi, Nyali)

Marahaba mwanangu. Mama mmoja amekuja kliniki na wanawe watatu, na simu ni moja, ya kwake. Jedwali mama lina mistari minne, namba nne tofauti. MV yako ingewapanga kwa simu tu, na kwa Cassandra mistari miwili yenye ufunguo mmoja si miwili tena. Ni mmoja, na kilichoandikwa mwisho ndicho kinachobaki. Wala haitoi kosa. Daktari angeingiza simu ya mama akaletewa kadi ya kitindamimba.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza yasema kolamu zote za ufunguo msingi wa jedwali mama lazima ziwemo kwenye ufunguo wa MV. Mpangilio wake ni juu yako:

CREATE MATERIALIZED VIEW wagonjwa_kwa_simu AS
  SELECT * FROM wagonjwa
  WHERE simu IS NOT NULL AND namba_mgonjwa IS NOT NULL
  PRIMARY KEY (simu, namba_mgonjwa);

Simu imetangulia, kwa hiyo ndiyo inayoamua nodi. Namba ya mgonjwa inafuata nyuma kutenganisha walio ndani ya simu moja. Ukiuliza WHERE simu = fulani unaletewa wote wanne, na huhitaji kujua namba ya yeyote kati yao.

Najua utasema kwenu kila mgonjwa ana simu yake. Huenda ni kweli, lakini Cassandra haina namna ya kulishika neno hilo. Ili ihakikishe simu haijirudii ingebidi kila uandishi uulizie kwanza nodi nyingine, na mfumo huu ulijengwa ili usifanye hivyo.

Fundi, tuko yadi ya makontena Changamwe. Jedwali letu lina namba ya kontena kama ufunguo, kisha ajenti, hali, tarehe na kadhalika. Nataka MV ya (ajenti, hali, namba) ili ajenti akija kaunta nimwonyeshe yake yaliyokwisha kulipiwa. Inakataa, yasema ufunguo wa MV waweza kuongeza kolamu moja tu isiyo ya ufunguo wa jedwali mama. Mbona ubahili huu? (Fundi mwenzio)

Hili ndilo swali lililonifanya nikae nikaandika. Watu wengi hudhani ni uvivu wa waliounda. Si uvivu. Chukua kalamu tulifuate kontena moja.

Kwanza ujue kila kolamu kwenye Cassandra ina muhuri wake wa saa. Maandishi mawili yakigongana kwenye kolamu moja, lenye muhuri wa baadaye hushinda. Kufuta nako ni kuandika: mstari hauondolewi pale pale, unawekewa alama ya kaburi yenye muhuri wake, na chochote chenye muhuri wa nyuma au ulio sawa na wa kaburi kimekufa. Shika hapo kwenye "ulio sawa".

Tuseme MV yako ilikubaliwa. Saa 4:00 asubuhi kontena limeingia: ajenti 7, hali "yadini". MV ina mstari (7, yadini), muhuri 4:00.

Keshia ana tableti ambayo saa yake imetangulia karibu nusu saa. (Nimeziona tableti za namna hiyo nyingi tu, usinicheke.) Anaandika hali "imelipiwa", na muhuri unatoka 4:30. MV inazika (7, yadini) na kuandika (7, imelipiwa). Muhuri wa mstari huu mpya uwe upi? Ajenti ana 4:00, hali ina 4:30. Itabidi uchukuliwe ulio mkubwa, 4:30.

Saa 4:15 karani ndani ofisini anakosea, anabadilisha ajenti kuwa 9. Kwenye jedwali mama 4:15 inashinda 4:00, hakuna tatizo. Kwenye MV yapasa kuzika (7, imelipiwa), na ili kaburi lifanye kazi muhuri wake usipungue 4:30. Inaandikwa (9, imelipiwa), nayo kwa muhuri wa 4:30.

Saa 4:18 karani anagundua kosa, anarudisha ajenti 7. Jedwali mama liko sawa kabisa: ajenti 7, imelipiwa. MV inazika (9, imelipiwa) na kujaribu kuandika tena (7, imelipiwa). Kwa muhuri gani? Mkubwa kati ya 4:18 na 4:30, yaani 4:30 ileile. Lakini hapo pana kaburi la 4:30. Muhuri ni sawa kwa sawa, kaburi linashinda. Ajenti 7 amesimama kaunta na risiti mkononi, na kontena lake halionekani. Hutaona kosa kwenye logi.

Sasa rudia kisa hicho MV ikiwa na ajenti peke yake nje ya ufunguo wa mama. Muhuri wa mstari ni wa ajenti tu: 4:00, kisha 4:15, kisha 4:18. Kaburi la ajenti 7 lina 4:00, mstari mpya una 4:18, unafufuka bila taabu. Kolamu moja ina historia moja, na historia moja hupangika. Kolamu mbili zina historia mbili zisizojuana, na muhuri mmoja hauwezi kuzibeba zote.

Wala usitegemee kwamba ukirekebisha saa za tableti umemaliza. Nakala za data ziko nodi mbalimbali, na maandishi yanaweza kuzifikia kwa mpangilio tofauti. Kila nodi hukokotoa mabadiliko ya MV yenyewe kwa kile ilichonacho wakati huo.

Kwa yadi yako ningefanya hivi: PRIMARY KEY (ajenti, namba), hali ibaki kolamu ya kawaida ndani ya MV. Ajenti mmoja ana makontena mangapi pale kwa mara moja? Arubaini? Mia? Yalete yote, programu yako iyachuje kwa hali, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Njia nyingine ni kuunda kolamu moja ya ajenti_hali, thamani yake "7#imelipiwa", nayo ndiyo iingie kwenye ufunguo. Inakubalika, lakini hapo wewe ndiwe utakayeshika jukumu la kuiandika kila ajenti au hali inapobadilika, na karani wako ameshatuonyesha tabia zake.

Kuna watakaokushauri uingize ajenti kwenye ufunguo wa jedwali mama. Usikubali upesi. Ufunguo msingi wa Cassandra haubadilishwi kwa UPDATE, kwa hiyo kontena likihama ajenti utakuwa na mistari miwili ya kontena moja hadi ukumbuke kuufuta wa zamani.

MV yangu imekubali lakini ina mistari michache kuliko jedwali mama. Imepotea wapi?

Tazama ile IS NOT NULL uliyoiandika kwa kulazimishwa. Kila kolamu ya ufunguo wa MV lazima iwe na thamani. Kontena ambalo bado halijapewa ajenti halina pa kukaa kwenye MV ya ajenti, basi halimo. Likipewa, litaingia lenyewe.

Mimi nimechukua (hali, namba) na imekubaliwa mara moja. Kuna ubaya? (Dada wa Mikindani)

Kanuni imeridhika, dada, ila nodi zako zitalia. Hali ziko tatu au nne. Maana yake data yako yote imegawanywa mafungu matatu au manne, kila fungu linakaa nodi chache. Ni Likoni asubuhi: hata ukiwa na feri tano, watu wote wakielekezwa ngazi moja, nyingine zitaelea tupu. Wazoefu wengi wa Cassandra hushauri fungu moja lisizidi megabaiti 100 hivi. Fungu la "imetoka" halipungui kamwe, ni kuongezeka tu kila siku. Fungu la "yadini" nalo kila kontena linalopita huliachia kaburi, na makaburi hayo kwa kawaida hukaa siku 10 kabla ya kustahili kusafishwa. Anayesoma lazima ayaruke.

Utafikiri uongeze siku mbele ili kuyagawa mafungu, (hali, siku). Ni wazo zuri, ila siku ikiwa nje ya ufunguo wa mama ni kolamu ya pili, na umerudi kwa yule ndugu wa Changamwe.

Nilikuwa Postgres (PostgreSQL), hifadhidata nyingine, miaka mingi na haikuniuliza ufunguo wowote kwenye MV. Hawa wa Cassandra wamejifanya nani?

Hivyo ni vitu viwili vyenye jina moja. MV ya PostgreSQL, iliyokuja na toleo 9.3 mwaka 2013, ni picha. Unaipiga kwa swali lolote, na jumla na viungo vya majedwali kumi ukitaka, kisha inabaki vilevile hadi uamuru REFRESH. Haihitaji kujua mstari huu umetoka mstari gani, kwa sababu inakokotolewa upya yote. Ya Cassandra hufuata kila uandishi, mstari kwa mstari, kwa hiyo lazima ijue nasaba ya kila mstari. Na hata huko kwenu Postgres, ukitaka REFRESH ya CONCURRENTLY isiyowafungia wasomaji mlango, utadaiwa faharasa ya kipekee (unique index), isiyoruhusu thamani kujirudia. Wavu ni mwingine, samaki ni yuleyule.

Nasikia MV za Cassandra si za kuaminika. Tuzitumie au tuache?

Ziliingia toleo 3.0 mwaka 2015. Mwaka 2017 wenyewe wanaoitunza Cassandra wakazitangaza kuwa za majaribio, na tangu toleo 4.0 la 2021 huja zimezimwa hadi uziwashe kwenye faili la mipangilio. ScyllaDB, hifadhidata nyingine ambayo huongea lugha ileile, ilizipitisha kuwa tayari kwa kazi mwaka 2019, nayo yashika kanuni hizihizi za ufunguo.

Sababu ya wasiwasi naijua kwa kuumwa. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na MV ya magari yaliyomo yadini. Nodi ilizima katikati ya shughuli, na kwa siku kadhaa MV ikaonyesha lori ambalo lilikuwa limekwishatoka. Tulilitafuta lori hilo kwa miguu, juani, mimi na askari wa geti. Jedwali mama lilikuwa linasema kweli wakati wote. Cassandra haikuwa na amri ya kulinganisha MV na mama yake ikuambie palipotofautiana. Dawa ilikuwa kuibomoa na kuijenga upya.

Tena si bure. Kila uandishi kwenye jedwali mama unadai kwanza usomwe mstari wa zamani, ndipo ijulikane cha kuzika. Ukiwa na MV tano juu ya jedwali moja, usishangae uandishi kuwa mzito.

Mimi kwenye Cassandra naandika majedwali mawili mwenyewe kutoka kwenye programu, kwa BATCH, yaani maandishi yote mawili kwa amri moja, na kila usiku programu ndogo hupita kulinganisha. Ni kazi zaidi, lakini nikiulizwa lori liko wapi nina pa kushika. Kwenye Scylla naziruhusu, moja au mbili kwa jedwali, na kamwe si kwa kolamu inayobadilika kila dakika.

Nimeshaunda MV, sasa naona mpangilio wa ufunguo niliukosea. Naweza kuugeuza kwa ALTER, ile amri ya kubadilisha kilichokwisha undwa?

Hapana. ALTER hugusa mipangilio ya uhifadhi tu, ufunguo haiugusi. Unda MV nyingine kwa jina jipya, subiri ijae (amri ya nodetool viewbuildstatus itakuonyesha imefika wapi), elekeza programu kwayo, ndipo uiangushe ya zamani. Ijengee usiku ambao hakuna meli inayoshusha, kwa sababu ujenzi huo husoma jedwali mama lote.