Baa jirani na mtoto mchanga: usianze na polisi

Pole sana dada uliyeuliza ufanyeje. Una mtoto wa miezi miwili, na spika za baa mpya zinatikisa madirisha hadi saa nane usiku! Nimeishi Ngamiani, hapo hapo Tanga. Sahani kabatini zilikuwa zinacheza zenyewe.

Nenda kwanza kwa mwenye baa, lakini mchana, saa nne hivi, akiwa anapokea kreti. Usiku mtatukanana tu. Mwombe ageuze spika zitazame barabarani na apunguze besi, maana besi ndiyo inayopenya ukutani. Wa kwetu aligeuza, tukalala wiki tatu. Kisha akaletwa DJ mpya, yakaanza upya.

Hapo nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wanne. Ukienda peke yako utaambiwa una chuki na biashara ya mtu. Andikeni barua yenye tarehe na saa za kelele, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ikishindikana, mtendaji wa kata, halafu halmashauri, kwani leseni ya vileo inatoka huko. Kuna pia NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, wanaosimamia kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Video ya simu inasaidia, ila kelele hupimwa kwa kifaa.

Huo mpango uliotaja wa shemeji yako wa kukata waya wa spika, achaneni nao, mtageuka washtakiwa. Mkitishiwa, ndipo polisi. Na mtoto akiwa anashtukashtuka hata mchana kukiwa kimya, mpeleke kliniki aangaliwe.