Kwa mnaoanza zamu wodi ya upasuaji: hesabu siku kabla ya kusoma kipimo

Usiku wangu wa kwanza wodini nilikabidhiwa mgonjwa aliyekatwa kipande cha utumbo asubuhi ile. Mkojo wake ulikuwa mchache, kama mililita 20 kwa saa. Presha ilikuwa nzuri, mikono ina joto, anaongea vizuri. Nikamtundikia dripu, kisha nyingine, kisha nyingine. Kulipokucha miguu ilikuwa imevimba na mapafu yameanza kujaa maji. Alipona, lakini bado namkumbuka.

Sikuwa nimeelewa kwamba mwili haujui kuwa kisu kile ni cha tiba. Unakipokea kama jeraha lolote lile. Homoni za kuzuia maji humwagwa, na figo hubana mkojo hata maji yakiwa ya kutosha. Kwa hiyo katika saa 24 za mwanzo, mkojo mchache peke yake si ushahidi wa upungufu wa maji. Mguse mgonjwa kwanza. Ukikuta mapigo ya moyo yanakwenda mbio na mikono imepoa, usisubiri hata kidogo, mwite mkubwa wako: huenda anavuja damu ndani.

Kotisoli na adrenalini, homoni za mkazo, nazo hupanda, insulini ikakosa nguvu, na sukari ikazidi hata kwa asiye na kisukari. Misuli huyeyushwa ili mwili upate malighafi ya kuponya kidonda. Hilo mtafiti David Cuthbertson alilionyesha huko Glasgow, Uskoti, miaka ya 1930, kwa kupima naitrojeni kwenye mkojo wa watu waliovunjika mifupa.

Kinga ndiyo huwachanganya wengi, kwa sababu haishuki yote. Upande mmoja huwaka: neutrofili (chembe nyeupe za damu) huongezeka, interleukini-6 (kemikali inayoamsha kinga) hupanda ndani ya saa chache, na homa ndogo ya siku ya kwanza mara nyingi hutokana na hayo, si vijidudu. Upande wa pili hulegea: limfositi hupungua, na monositi (zote mbili ni chembe nyeupe za aina nyingine) hushindwa kuzitambulisha vizuri chembe za adui kwa askari wenzao. Siku chache za kinga kulegea ndizo maambukizi hupenyea.

Ndiyo maana nawasihi mhesabu siku. CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukijeruhiwa au ukiambukizwa) ya miligramu 150 kwa lita, siku ya pili baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, hainishtui. Kilele chake huwa kati ya saa 48 na 72. Ikibaki hapohapo siku ya nne, narudi kitandani kupapasa tumbo, nikiwaza mshono wa utumbo uliovuja.

Mengi ya kupunguza mshtuko huu ni kazi ya mikono yetu. Mfunikeni mgonjwa. Katika utafiti uliochapishwa 1996, wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana, vidonda viliota usaha kwa 19 katika kila 100 walioachwa wapoe, na 6 tu katika kila 100 waliotunziwa joto. Msiwanyime maji tangu usiku kwa mazoea. Kwa wengi, maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla ya nusu kaputi.

Na maumivu: anayeumwa hupumua juujuu, sehemu za chini za mapafu zikasinyaa, nimonia ikafuata. Usimuulize tu kama anaumwa, maana akilala bila kujigeuza atakujibu hapana. Mwambie, "Hebu kohoa nikusikie." Akishika tumbo na kushindwa, dawa uliyompa haijatosha.